Almon Strowger: Mfanyabiashara wa mazishi aliyemwondoa opereta katika kituo cha simu

Ukitaka kumpigia ndugu yako leo, unabonyeza namba na simu yake inaita. Humwombi mtu yeyote akuunganishe. Hakuna anayekuuliza unampigia nani, wala anayeweza kuamua kukupeleka kwa mtu mwingine. Tumezoea hivyo kiasi kwamba hatufikirii kama kuna wakati mambo yalikuwa tofauti.

Katika makala hii tunasimulia maisha ya Almon Brown Strowger, Mmarekani aliyefariki dunia mwaka 1902. Hakuwa fundi wa umeme wala msomi wa chuo kikuu. Alikuwa askari, akawa mwalimu wa shule, kisha akafanya biashara ya mazishi. Ndiye aliyebuni kituo cha simu kinachojiendesha chenyewe.

Tunamkumbuka kwa sababu nyingine pia. Suala lililomsumbua Strowger bado lipo katika vijiji vingi duniani, hata baada ya simu kugeuka kuwa njia ya intaneti. Nani anashika mahali ambapo nyaya zote zinakutana? Na je, mwingine anaruhusiwa kuingia humo na kuweka mitambo yake?

Mtoto wa Penfield

Strowger alizaliwa tarehe 11 Februari 1839 katika mji mdogo wa Penfield, karibu na Rochester, jimbo la New York. Inasimuliwa kwamba yeye na ndugu zake, kila mama yao alipowapa kazi ya nyumbani, walianza kubishana jinsi ya kutengeneza mashine ya kuifanya kazi hiyo badala yao. Huenda simulizi hiyo imetiwa chumvi kidogo baada ya yeye kupata jina, lakini inalingana na maisha yake ya baadaye.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, Strowger alikuwa kijana wa miaka 22. Alijiunga na kikosi cha wapanda farasi cha New York, upande wa serikali. Baada ya vita alifundisha shule, kisha akahamia magharibi kama walivyofanya Wamarekani wengi wa wakati huo. Alifika Kansas na baadaye akahamia Kansas City, Missouri. Huko ndiko alikojulikana kama mtu wa mazishi.

Kwetu vijijini mtu akifa, ndugu huosha maiti, majirani huchimba kaburi, na wanawake wa mtaa hupika chakula cha waombolezaji. Katika miji ya Marekani ya karne ya 19 kazi hizo zilikuwa zimeanza kuwa biashara. Familia iliyofiwa ilimlipa mtu alete jeneza, aandae maiti na kuisafirisha kaburini. Ni biashara isiyosubiri. Mfiwa anamtafuta mtu wa kwanza anayempata, na yule aliyekosekana saa hiyo amekosa kazi moja kwa moja. Mteja wa namna hiyo harudi wiki ijayo.

Opereta aliyeshika mji mzima

Ili kuelewa kilichomkasirisha Strowger, tuangalie kwanza simu ilivyofanya kazi siku hizo.

Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876. Hataza ni haki ya kisheria inayomfanya mvumbuzi awe mmiliki pekee wa uvumbuzi wake kwa muda fulani. Simu za kwanza ziliunganisha watu wawili tu, kwa waya mmoja kutoka nyumba hadi nyumba. Watu walipoongezeka ilionekana haiwezekani kuvuta waya kutoka kila nyumba kwenda kila nyumba nyingine. Watu 100 wangehitaji nyaya karibu 5,000. Njia rahisi ilikuwa kila nyumba ivute waya wake hadi chumba kimoja katikati ya mji, na humo nyaya ziunganishwe kwa kadiri watu wanavyohitaji kuzungumza. Chumba hicho ndicho kituo cha simu.

Ndani ya kituo alikaa opereta mbele ya swichibodi, yaani ubao wenye matundu mengi, kila tundu likiwa la mteja mmoja. Ulipotaka kupiga simu ulimwita opereta, ukamwambia unamtaka nani, naye akachukua waya mfupi na kuunganisha tundu lako na la huyo mwingine. Mwanzoni kazi hiyo ilifanywa na wavulana. Mwaka 1878, mjini Boston, Emma Nutt aliajiriwa na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa opereta wa simu. Baada yake kazi hiyo ilienea kwa wanawake vijana kote Marekani.

Katika miji midogo opereta alikuwa mtu muhimu sana. Alijua daktari yuko nyumba gani saa hiyo. Nyumba ikiungua moto, yeye ndiye aliyewaamsha watu. Wengi wa maopereta hao walifanya kazi kwa uaminifu, kwa saa nyingi na kwa malipo madogo. Lakini yeye alisikia nani anampigia nani. Aliweza kukuunganisha upesi, kukuchelewesha, au kukuambia kwamba laini inatumika. Mteja hakuwa na njia ya kuhakikisha.

Simu ambazo hazikumfikia

Hapa ndipo inapoanza hadithi iliyompa Strowger umaarufu. Inasimuliwa kwa namna kadhaa. Iliyoenea zaidi inasema kwamba mke wa mshindani wake katika biashara ya mazishi alikuwa opereta wa kituo cha simu. Mfiwa alipoomba aunganishwe na Strowger, opereta alimpeleka kwa mume wake. Wengine husimulia kwamba opereta alikuwa ndugu wa mshindani huyo, na wengine husema Strowger alipewa taarifa za uongo kwamba laini yake inatumika. Yapo pia masimulizi kwamba rafiki yake mmoja alifariki, na Strowger akasoma gazetini kwamba mazishi yameandaliwa na mtu mwingine.

Namna yoyote ile, masimulizi yote yanakubaliana juu ya jambo moja. Strowger aliamini kwamba anapoteza kazi kwa sababu ya mtu aliyekaa katikati ya nyaya. Alilalamika mara nyingi kwa kampuni ya simu, na malalamiko hayakumridhisha.

Mfanyabiashara mwingine angetafuta urafiki na opereta, au angempelekea zawadi. Strowger hakutaka kuishi kwa hisani ya mtu mwingine. Aliona afadhali kuwe na mtambo ambao haumjui tajiri wala maskini, hauna mume wala shemeji, na unampeleka mpigaji pale tu alipotaka yeye mwenyewe.

Boksi la kola na pini

Siku hizo wanaume walivaa kola za shati zinazotolewa na kuhifadhiwa katika boksi la mviringo. Inasimuliwa kwamba Strowger alichukua boksi la namna hiyo na kulichoma pini kwa safu kulizunguka. Kila pini ilikuwa mfano wa waya wa mteja mmoja. Katikati aliweka kijiti kinachoweza kupanda na kuzunguka, ili ncha yake iguse pini moja kati ya zote. Huo ndio ulikuwa mfano wake wa kwanza wa kituo cha simu kisicho na opereta.

Wazo lenyewe si gumu kulielewa, na tunalieleza katika umbo lake lililokuja kuenea duniani. Fikiria rafu yenye ngazi 10, na kila ngazi ina viunganishi 10. Jumla ni viunganishi 100, yaani wateja 100. Mbele ya rafu kuna mkono wa chuma unaosukumwa na umeme. Mpigaji akituma namba 4, waya wake unapeleka mapigo manne ya umeme, na mkono unapanda ngazi nne. Akituma 7, yanakuja mapigo saba na mkono unazunguka hatua saba. Sasa umegusa kiunganishi cha 47, na simu ya mteja namba 47 inaita. Mazungumzo yakiisha, mkono unarudi chini na kumsubiri mwingine. Ukitaka wateja wengi zaidi unapanga mitambo kwa hatua: wa kwanza unachagua kundi, wa pili unachagua kundi dogo ndani yake, na wa mwisho unamfikia mtu.

Strowger aliwasilisha maombi ya hataza mwezi Machi 1889, na tarehe 10 Machi 1891 akapewa hataza namba 447,918 ya Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 52.

Kuwa na wazo na kuwa na mtambo unaofanya kazi ni mambo mawili tofauti. Strowger alihitaji fedha na mafundi. Alisaidiwa na Walter, mtoto wa ndugu yake, na na wafanyabiashara akiwemo Joseph Harris, aliyeona kwamba wazo hili lina soko. Mwaka 1891 waliunda kampuni na kuanza kutafuta mji ambao ungekubali kuujaribu mtambo wao.

La Porte, mji uliokuwa hauna simu

Mji huo ulipatikana katika jimbo la Indiana, nao ni La Porte. Sababu ya mji huo kuwa tayari inafaa kuelezwa. La Porte ulikuwa na huduma ya simu ya kampuni ndogo ya kujitegemea. Kampuni ya Bell iliishtaki kampuni hiyo kwa kuvunja hataza yake, ikashinda, na huduma ikafungwa. Watu wa mji wakabaki bila simu, si kwa sababu nyaya hazikuwezekana, bali kwa sababu mwenye haki alikuwa mmoja.

Tarehe 3 Novemba 1892, kituo cha kwanza cha simu kinachojiendesha kilichotoa huduma kwa umma kilifunguliwa La Porte kikiwa na wateja wapatao 75. Treni maalumu ilileta wageni kutoka Chicago kuja kushuhudia. Simu hizo hazikuwa na duara la kuzungusha namba, wala vitufe kama vya leo. Mteja alibonyeza kitufe mara kadhaa kulingana na tarakimu aliyoitaka, na kila nyumba ilihitaji nyaya kadhaa badala ya chache za kawaida. Mteja alipokosea kuhesabu alimpata mtu mwingine kabisa. Mitambo nayo iliharibika. Lakini mtu aliweza kumpigia jirani yake usiku wa manane bila kumwamsha opereta na bila mtu wa tatu kujua.

Kampuni iliutangaza mtambo wake kama simu isiyo na wasichana wa kuunganisha, isiyo na matusi wala kusubiri. Tangazo hilo halikuwatendea haki maopereta, ambao wengi wao hawakuwa na kosa lolote. Katika miaka iliyofuata, wanawake wengi walipoteza ajira kadiri mitambo hiyo ilivyoenea. Nacho kijiji kikampoteza mtu aliyejua daktari yuko wapi usiku huo. Hiyo ni sehemu ya historia ya Strowger, nasi hatuwezi kuiacha.

Alichopata na alichoacha

Mafundi waliokuja kujiunga na kampuni ndio walioufanya mtambo kuwa wa kutegemewa. Miongoni mwao walikuwa Alexander Keith na ndugu wawili, John na Charles Erickson. Mwaka 1896 walibuni namna ya kutuma namba kwa kuzungusha duara lililo kwenye simu. Wasikilizaji wetu wenye umri mkubwa wanazikumbuka simu za mezani za aina hiyo: unaingiza kidole kwenye tundu, unazungusha, na duara linarudi lenyewe likitoa mlio. Ule mlio ni mapigo ya umeme yanayousogeza mkono wa mtambo wa Strowger huko kituoni.

Strowger mwenyewe hakukaa sana katika kampuni. Afya yake haikuwa nzuri. Mwaka 1896 aliuza hataza zake kwa dola 1,800, na mwaka 1898 akauza hisa zake katika kampuni kwa dola 10,000. Alihamia Florida, katika mji wa St. Petersburg, na huko akafariki tarehe 26 Mei 1902 akiwa na umri wa miaka 63. Alizikwa katika mji huohuo.

Mwaka 1916 hataza za mtambo huo zilinunuliwa kwa dola milioni 2.5. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Bell.

Opereta aliondoka, mlango ukabaki

Strowger alidhani tatizo ni mtu. Alimwondoa mtu huyo, na kwa mteja wa kawaida huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini nyuma ya opereta alikuwapo mwenye kituo, na mtambo haukumwondoa yeye.

Hataza kuu za Bell zilipoisha mwaka 1893 na 1894, kampuni ndogo za simu zilichipuka kila upande wa Marekani, hasa katika miji midogo na mashambani ambako Bell haikuona faida ya kwenda. Wakulima waliunda vyama vyao vya simu. Wapo waliotumia hata senyenge za uzio wa mashamba kama waya wa simu. Baadhi ya kampuni hizo za kujitegemea ndizo zilizonunua mitambo ya Strowger.

Kampuni ya Bell ilikataa kuziunganisha na mtandao wake. Kwa hiyo katika miji mingi kulikuwa na mitandao miwili isiyozungumza. Mwenye duka alilazimika kuweka simu mbili mezani, moja ya Bell na moja ya kampuni nyingine, na kulipia zote mbili. Msikilizaji anayetembea na laini mbili au tatu mfukoni, kwa sababu kila mtandao una vifurushi vyake, anaelewa hali hiyo bila kuelezwa zaidi. Ilikuwa hadi Desemba 1913, baada ya shinikizo la serikali, ndipo Bell ilipokubali kuziruhusu kampuni za kujitegemea kuunganishwa na laini zake za masafa marefu. Strowger alikuwa amekwisha kufariki miaka 11 kabla.

Kutoka chumba cha Strowger hadi chumba cha intaneti

Sasa tuvuke bahari hadi Uingereza, kwa sababu huko historia hii inaonekana wazi zaidi vijijini.

Mtambo wa Strowger uliingia Uingereza mwaka 1912, katika mji wa Epsom. Katika miongo iliyofuata Idara ya Posta ya huko, ambayo ndiyo iliyokuwa na simu, ilijenga vituo vidogo vinavyojiendesha katika vijiji. Vilikuwa vijumba vya matofali kando ya barabara, visivyo na mtu ndani. Kwa wanakijiji lilikuwa jambo jema, kwani waliweza kupiga simu saa zote, hata usiku ambapo opereta wa zamani alikuwa amelala. Mitambo hiyo ilidumu kwa muda mrefu mno. Kituo cha mwisho cha umma cha aina ya Strowger nchini humo kilizimwa mwezi Juni 1995, na kilikuwa katika kijiji cha Crawford, Scotland.

Mitambo ya kidijitali iliyochukua nafasi yake ilikuwa midogo sana ikilinganishwa na rafu za Strowger. Vyumba vilivyokuwa vimejaa mikono ya chuma vikabaki na nafasi kubwa. Wakati huohuo ikagundulika kwamba waya uleule wa shaba unaopeleka sauti unaweza kupeleka intaneti ya kasi, iwapo mtambo maalumu utawekwa kituoni na kifaa kingine nyumbani kwa mteja.

Hapo swali la zamani likarudi. Waya kutoka kila nyumba unaishia katika kituo cha kampuni kubwa ya simu. Kampuni nyingine ikitaka kuuza intaneti, itawezaje kumfikia mteja? Kuchimba mitaro na kuvuta waya mpya kwa kila nyumba ni gharama isiyobebeka. Njia iliyobaki ni kuingia katika kituo, kuweka mtambo wake humo, na kukodi waya wa mteja.

Nchini Marekani sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliwalazimisha wenye vituo kufungua milango. Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo kwa kanuni iliyoanza kutumika Januari 2001. Uingereza, kampuni yenye vituo ilikuwa BT, mrithi wa simu za Idara ya Posta. Utaratibu ni huu: kampuni mshindani hupewa nafasi ndani ya kituo, hulipia nafasi hiyo na umeme, na huweka kabati lake la mitambo. Mteja akihama, fundi huchomoa kipande cha waya wake kutoka mtambo wa BT na kukichomeka kwenye mtambo wa kampuni mpya. Ni kazi ileile aliyokuwa akiifanya opereta wa zamani, isipokuwa sasa inafanyika mara moja na mteja mwenyewe ndiye anayechagua.

Mwanzoni mambo yalikwenda polepole. Washindani walilalamikia bei, ucheleweshaji na masharti ya kuingia vituoni. Mwaka 2005 mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom, alikubaliana na BT kwamba kazi ya kusimamia nyaya na vituo itengwe katika kitengo chake, ili washindani wahudumiwe kwa masharti sawa na BT yenyewe. Kitengo hicho, Openreach, kilianza Januari 2006. Baada ya hapo makabati ya kampuni nyingine yalienea, bei zikashuka na kasi ikapanda. Katika miaka michache zaidi ya asilimia 80 ya nyumba zilikuwa katika maeneo ambayo kituo chao kina mtambo wa angalau kampuni moja nyingine.

Kwa nini vijiji vilibaki nyuma

Asilimia iliyobaki ilikuwa hasa vijijini. Mlango wa kituo cha kijiji ulikuwa wazi kisheria, lakini hakuna aliyeingia. Sababu ni hesabu.

Chukua mfano wa vituo viwili. Kituo cha mjini kinahudumia nyumba 20,000, na cha kijijini nyumba 300. Kampuni mpya ikipata mteja mmoja katika kila nyumba kumi, mjini itakuwa na wateja 2,000 na kijijini 30. Lakini kabati la mitambo linahitajika kote, fundi anahitajika kote, na lazima pawe na njia ya mkongo inayotoka kituoni kwenda katika mtandao mkuu. Kwa kijiji njia hiyo ni ndefu zaidi, hivyo ghali zaidi. Gharama ya wateja 2,000 inakaribiana na ya wateja 30, au hata iko chini.

Kuna jambo la pili, nalo ni umbali. Intaneti inayopita katika waya wa shaba hupungua nguvu kadiri waya unavyorefuka. Mtu anayeishi mita mia chache kutoka kituoni hupata kasi nzuri. Aliye umbali wa kilomita tano au sita hupata kidogo sana, au hapati kabisa. Vijijini nyumba zimetawanyika, na nyaya ni ndefu. Kwa hiyo hata kampuni iliyothubutu kuingia isingeweza kumhudumia vizuri kila mmoja wa hao wachache.

Ofcom ilipoona kwamba ushindani peke yake hautafika huko, ilitumia njia nyingine. Mwaka 2011, katika maeneo ambayo BT ilikuwa peke yake, iliiamuru ipunguze bei ya jumla inayowatoza wauzaji wengine wa intaneti kwa asilimia 12 chini ya mfumuko wa bei kila mwaka. Maana yake ni kwamba pale ambapo mlango uko wazi lakini hakuna anayeweza kuingia, mwenye nyumba anawekewa kikomo cha kile anachoweza kudai.

Kituo cha simu cha leo kiko juu ya mlima

Sehemu kubwa ya vijiji vya Tanzania na Kenya haikuwahi kupata nyaya za shaba za simu. Tuliruka hatua hiyo, tukaenda moja kwa moja kwenye simu ya mkononi. Kwa msikilizaji wa kijijini, kituo cha simu ni ule mnara ulio juu ya kilima, wenye jenereta au paneli za sola chini yake.

Swali halijabadilika. Mnara huo ukibeba antena za kampuni moja tu, kijiji kizima kina mtandao mmoja, na bei na ubora wa huduma viko mkononi mwa mmoja. Ukibeba antena za kampuni tatu, mwananchi anaweza kuchagua. Ndiyo maana Tanzania, katika Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni zake, imeweka taratibu za kampuni kushirikiana miundombinu na kuweka mitambo mahali pamoja. Haki ya kuhama mtandao bila kubadili namba, iliyoanza Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2017, ina lengo hilohilo. Namba ni ya mteja, si ya mwenye mnara.

Lakini hesabu ya kijiji cha nyumba 300 inatuhusu nasi. Kampuni haitapandisha antena yake kwenye mnara wa mlimani kwa sababu tu sheria inairuhusu. Itafanya hivyo ikiwa gharama ya kodi, umeme na njia ya kufikisha data hadi huko inalipika, au ikiwa mfuko wa umma unasaidia. Kwa hiyo mkutano wa kijiji unapojadili mnara mpya, tunashauri lisiulizwe swali moja tu la lini utajengwa. Yaulizwe pia haya: mnara utakuwa wa nani, una nafasi ya antena ngapi, na je, kampuni nyingine zimealikwa?

Almon Strowger hakuwahi kuona mnara wa simu wala intaneti. Alikuwa mfanyabiashara mdogo aliyechoka kutegemea nia njema ya mtu aliyekaa katikati ya nyaya. Alijibu sehemu yake ya swali kwa boksi la kola na pini, akauza hataza zake kwa dola 1,800, akaenda zake. Sehemu iliyobaki haikuweza kutatuliwa kwa mashine. Imehitaji sheria, wadhibiti wanaofuatilia, na wateja wanaojua cha kuuliza.